Maswali ya Wasomaji: Siku 44 za Waziri Mkuu Nyerere

SWALI: Ndugu Mhariri, Oktoba 2022, Liz Truss alipotangaza kuacha uwaziri mkuu wa Uingereza, mzee mmoja kijiweni kwetu alisema hilo si jambo geni, kwani hata Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu kabla Uhuru haujatimiza miezi miwili. Vijana tulimcheka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nani alimsukuma? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nendeni mkamwombe mzee radhi. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu akatangaza kwamba amejiuzulu. Ukihesabu unapata siku 44. Cha ajabu ni kwamba Truss naye alikabidhiwa madaraka tarehe 6 Septemba 2022 na kutangaza kuondoka tarehe 20 Oktoba, yaani siku 44 baadaye, ingawa alibaki ofisini siku chache zaidi mpaka mrithi wake alipopatikana. Tena aliyemteua Truss, siku mbili kabla ya kufariki, ni Malkia Elizabeth yule yule aliyekuwa mkuu wa nchi ya Tanganyika katika mwaka wake wa kwanza wa Uhuru, akiwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Haki ya hesabu inatudai tuongeze jambo moja: Mwalimu alikuwa ameitwa Waziri Mkuu tangu tarehe 1 Mei 1961, nchi ilipopewa serikali ya ndani, kwa hiyo siku 44 ni za uwaziri mkuu wa nchi huru tu.

Zaidi ya hapo wawili hao hawafanani. Truss aliondoka kwa sababu wabunge wa chama chake walikuwa wamemkimbia, na alipoacha uwaziri mkuu aliacha na uongozi wa chama. Mwalimu aliacha ofisi ya serikali akabaki Rais wa chama chake, TANU, na katika Tanganyika ya wakati ule, ambapo TANU ilikuwa imechukua viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa 1960, mwenye TANU ndiye aliyekuwa na nchi. Anayetaka kulielewa tukio hili aanze na jambo hilo.

Ama nani alimsukuma, jibu langu ni kwamba alisukumwa na hali, si na mtu. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipofikishwa kwenye baraza la kutunga sheria, baadhi ya wajumbe wa TANU yenyewe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mwalimu akasimama na kusema kwamba serikali yake iko tayari kuondoka madarakani kuliko kukubali uraia wa rangi ya ngozi. Alishinda siku ile, lakini manung'uniko hayakwisha. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikiuliza kwa nini bendera imebadilika na mabwana wa maofisini hawajabadilika, na hata Waziri wa Fedha wa nchi huru alikuwa Mwingereza, Sir Ernest Vasey, ambaye kabla ya hapo alishika wizara kama hiyo hiyo Kenya. Siku Mwalimu alipoondoka Vasey naye aliondoka, na hazina akapewa Paul Bomani, mtu aliyekulia katika vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Asiyeona maana katika mabadiliko hayo, naona anajifumba macho kwa makusudi.

Hata hivyo, wanaosema kwamba Mwalimu alipinduliwa na Halmashauri Kuu ya TANU wanaigeuza habari juu chini. Katika taarifa yake ya siku ile alisema kwamba baraza jipya la mawaziri, likiongozwa na Rashidi Kawawa, amelichagua yeye mwenyewe, na kwamba wenzake wamemkubalia baada ya mjadala wa siku kadhaa. Mtu anayefukuzwa hahitaji siku kadhaa za kuwabembeleza wanaomfukuza.

Sababu aliyoitoa mwenyewe naichukulia kwa uzito kuliko wanavyoichukulia wengi. Alisema nchi inahitaji serikali yenye uwezo, lakini inahitaji pia chama kilicho hai katika kila kijiji, kiwe kama barabara ya kwenda na kurudi, ipitikayo masika na kiangazi, ambayo juu yake mipango na shida za serikali zitawafikia wananchi, na mawazo, matakwa na hata kutoelewana kwa wananchi kutaifikia serikali. Huo ni mfano wa mtu aliyewahi kukwama kwenye tope. Yeyote aliyesafiri bara kwa basi enzi hizo anajua barabara ya kiangazi inakuwaje Machi ikifika. Na barabara hiyo ya chama ilikuwa imeanza kuota majani, kwa sababu wale wale walioijenga TANU kwa kutembea kwa miguu tangu 1954 sasa walikuwa mawaziri na maofisa wa serikali, wakati mwanakijiji aliyelipa ada ya chama ili apate Uhuru, baada ya kuupata, alijiuliza analipia nini tena.

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka huo huo wa 1962 Nyerere alirudi akawa Rais. Je, Kawawa hakutumiwa tu kama mlinzi wa kiti? Na Mwalimu alifanya nini muda wote huo? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kama Kawawa alikuwa mlinzi wa kiti, basi alikuwa mlinzi aliyefanya kazi nzito kuliko mwenye kiti. Katika miezi yake kumi na nusu zilipitishwa sheria ambazo zilikuja kuikaba nchi kwa miaka mingi: sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya mgomo halali uwe mgumu sana kupatikana, na Septemba sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Ile ya kwanza inauma zaidi ukikumbuka kwamba Kawawa mwenyewe aliinukia katika TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na alijua migomo inavyoandaliwa. Ni serikali yake pia iliyoandaa katiba ya Jamhuri. Kwa maneno mengine, Mwalimu alirudi akakuta vyombo vyote vya dola vimenolewa, na yeye hakuwa ndiye aliyeshika jiwe la kunolea. Sisemi kwamba mambo yalipangwa hivyo. Nasema ndivyo yalivyokuwa.

Mwalimu alizunguka nchi kukijenga upya chama, na akaandika. Aprili 1962 ulitoka waraka wake juu ya ujamaa kama msingi wa usoshalisti wa Kiafrika, ambamo mizizi ya Azimio la Arusha la 1967 inaonekana tayari. Uchaguzi wa Rais ulifanyika Novemba 1962, akapata kura 1,127,978 dhidi ya 21,276 za Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika, na tarehe 9 Desemba akaapishwa kuongoza Jamhuri. Kawawa akawa Makamu wa Rais, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa mpaka 1972, kiliporudishwa na kupewa nani? Kawawa yule yule, akakishika hadi 1977.

SWALI: Je, ni sahihi kusema Mwalimu aling'atuka mwaka 1962? – Msomaji, Leicester, Uingereza.

JIBU: Kwa Kiswahili cha wakati ule, hapana; alijiuzulu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika madaraka, kwa hiyo anayejiuzulu amejiondoa mwenyewe, na neno halielezi kama alifanya hivyo kwa furaha au kwa shingo upande. Kung'atuka ni neno la Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu, Butiama, na lilienea katika Kiswahili alipokuwa akijiandaa kuacha urais mwaka 1985. Hata safari hiyo, kiti cha chama hakukiacha pamoja na Ikulu: alibaki Mwenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU, hadi 1990.