Taa za dimma zinaweza kuwa taa za dharura, ila angalieni waya wa chaji

Mkuu, umeuliza kama taa za dimma (zenye kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga) mnazofunga kwenye ukumbi wenu wa Mafinga zinaweza kuwa hizo hizo taa za dharura, au mnunue nyingine. Zinaweza, mradi umeme ukikatika dimma isiwe na kauli yoyote. Hata kama mshereheshaji kashusha mwanga hadi mwisho, taa iwake kwa kiwango chake cha dharura bila kusubiri mkono wa mtu.

Wamarekani wamelibana hili kwenye kanuni yao ya umeme, NEC, kifungu cha 700: dimma inayoingia kwenye saketi ya dharura iwe imethibitishwa kwa kazi hiyo, na taa zidumu angalau dakika 90. Michoro mingi ninayoletewa huku inafuata BS 5266 na EN 1838, viwango vya Uingereza na Ulaya vya taa za dharura: lux 1 (lux ni kipimo cha mwanga) katikati ya njia ya kutokea, nusu yake ipatikane ndani ya sekunde 5 baada ya umeme kukatika na yote ndani ya sekunde 60. Kwa hiyo jenereta ya kuwashwa na mlinzi msiihesabu. Betri chukueni za saa 3.

Shida kubwa iko kwenye waya. Taa yenye betri yake inataka laivu (waya wa moto) mbili: moja ya kudumu, ya kuchaji na ya kutambua kama umeme upo, na nyingine ya kuwashia taa. Fundi anayebana waya huleta moja tu, tena iliyopita kwenye dimma. Dimma ya ukutani hukatakata wimbi la umeme, chaja inaona umeme umepotea, betri inaanza kuliwa sherehe ikiendelea.

Niliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Mbeya, wenyewe wanalalamika wameuziwa betri feki. Nikapanda ngazi, nikaomba mwanga ushushwe kama maharusi wanaingia. Kile kitaa cha kijani cha chaji kikapepesa, kikazima. Betri hazikuwa na tatizo. Tulipovuta laivu ya kudumu, kitaa kilibaki kinawaka hata dimma ikiwa chini kabisa.

Laivu hiyo itoke kwenye breka ileile ya taa za eneo hilo, kabla ya dimma. Hapa nasisitiza sana: ukiichukua kwingine, breka ya taa ikidondoka watu wako gizani na betri imetulia, inaona umeme upo. Na draiva, kile kifaa kinachoilisha taa ya LED umeme, iwe imeandikwa kwamba inakubali dimma mliyonunua. Bajeti ikiruhusu, chukueni mfumo wa DALI, wa kuongoza taa kidijitali, wenye draiva za dharura. Huko amri ya kupunguza mwanga ina nyaya zake, haigusi umeme wa chaji.

Kila mwezi zijaribiwe kidogo, na mara moja kwa mwaka saa 3 zote, siku ambayo ukumbi hauna shughuli hata kesho yake, maana betri zitahitaji muda kujaa tena.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kabla jipsam haijafungwa, mwambie ashushe dimma hadi mwisho kisha azime breka ya taa mbele yako. Zisipowaka, asifunge silingi.