Wakili ameniandikia taarifa ya shahidi: nitie sahihi?

Dada uliyeuliza kuhusu taarifa uliyoandikiwa na wakili juu ya ajali ya lori na bodaboda pale Jogoo Road, Nairobi, usitie sahihi bado.

Wakili kukuandikia taarifa si kosa. Hapa Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 zinataka madai yawasilishwe pamoja na orodha ya mashahidi na taarifa zao zilizotiwa sahihi, na wengi hawajui waanzie wapi. Mimi ni karani wa wakili hapa mjini, na kuketi na mashahidi ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Kinachonitia wasiwasi ni ile sentensi ya taarifa uliyotuwekea: "dereva wa lori aliendesha kwa uzembe na kwa kasi kupita kiasi." Hayo ni maneno ya hati ya madai, ile karatasi ya kufungulia kesi. Wewe umetuambia ulikuwa unapanga nyanya, ukasikia breki, ukainua kichwa ukakuta pikipiki iko chini. Mwendo wa lori hukuuona.

Sasa fikiria siku ya kesi katika mahakama ya Milimani. Wakili wako atakuuliza jina lako, kisha kama unaitambua taarifa na unataka korti iichukue kuwa ushahidi wako. Utasema ndiyo, basi. Hapo wa upande wa pili anaishika karatasi anakupitisha mstari kwa mstari. Lori lilikuwa na kasi gani? Ulikuwa unatazama wapi? Ukikwama, hata uliyoyaona kwa macho yako yataanza kutiliwa shaka: lori lilisimama upande gani wa barabara, bodaboda aliangukia wapi, dereva alishuka au la. Hayo ndiyo yenye uzito! Hata breki ni ushahidi wako, maana ulizisikia mwenyewe. Lakini "watu walisema dereva amelewa" si ushahidi wako. Waje hao watu waliomwona.

Kortini, wakili wako haruhusiwi kukuuliza swali lenye jibu ndani yake anapokuongoza kutoa ushahidi. Ofisini hakuna hakimu wa kumzuia, ndiyo maana maneno hupandikizwa huko. Uingereza nao waliliona: tangu Aprili 2021 mahakama zao za biashara na mali zinataka taarifa ifuate maneno ya shahidi mwenyewe, na itaje nyaraka alizoonyeshwa.

Mimi humwacha shahidi aseme yote kwanza bila kumkatiza, hata akianza na bei ya nyanya sokoni. Ndipo nauliza: ulisimama wapi, nini kilikukinga usione, kisha ikawaje. Kupanga mambo yafuatane na kuondoa yasiyohusika ni juu yangu. Kuongeza jambo, hapana. Wakiwa wawili, namhoji kila mmoja peke yake. Taarifa mbili zenye aya zilezile, hadi makosa ya tahajia, humwonyesha hakimu kwamba mwandishi ni mmoja.

Kwa hiyo rudi ofisini na kalamu. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, isomwe kwa Kiswahili, polepole. Kila sentensi usiyoweza kuitetea ifutwe, ichapwe upya, ndipo utie sahihi. Wakili mzuri atakushukuru, maana shahidi anayeyumba humvunjia kesi. Akikulazimisha, kataa. Kusema uongo kwa makusudi chini ya kiapo ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 7, na kizimbani utapanda wewe.

Usisahau kudai nakala yako, uisome tena usiku wa kuamkia kesi.