Muulize kwanza ni ya nini

Wewe unayeanza kazi nyuma ya kaunta ya duka la dawa, iwe Kayole, Kawangware au River Road hapa Nairobi, wateja watakuita daktari kabla hujajua rafu ipi ina nini. Usilewe jina hilo. Mimi lilinilewesha.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, huko Umoja, alipoingia shosho mmoja na karatasi ya kliniki ya kisukari: amitriptyline 25 mg, tembe moja usiku. Nikamwambia mbele ya foleni, "Shosho, hii ni dawa ya sonona," yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Akanitazama. "Mimi si mwendawazimu, kijana. Ni miguu inaniwaka moto." Akakunja karatasi yake akaenda zake, bila dawa.

Karatasi ilikuwa sahihi; mjinga nilikuwa mimi. Kisukari kikiharibu neva za miguu, panadol haifui dafu. Amitriptyline huongeza serotonini na noradrenalini, na kemikali hizo husaidia uti wa mgongo kuzuia ujumbe wa maumivu usifike wote kwenye ubongo. Dozi yenyewe ingenifungua macho: kwa maumivu ya neva huanza na 10 au 25 mg usiku, ilhali kwa sonona mara nyingi hupandishwa hadi 75 mg na zaidi. Dawa hiyohiyo huzuia kipandauso. Dada yake wa kundi moja, imipramine, hupewa watoto wakubwa wanaokojoa kitandani. Fluoxetine, dawa nyingine ya sonona, hutibu pia bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) na mawazo yanayomrudia mtu bila kukoma. Na iproniazid, mojawapo ya dawa za kwanza kabisa za sonona, ilikuwa ikijaribiwa kwa kifua kikuu miaka ya 1950 pale madaktari walipoona wagonjwa wamechangamka. Kwa hiyo jina la kundi la dawa halikuambii mgonjwa anaumwa nini.

Siku hizi nauliza kwa sauti ya chini: "Daktari alikwambia hii ni ya nini?" Akisema ni sonona, sawa, usibadilishe uso. Mweleze kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, lakini mdomo kukauka, kufunga choo na usingizi huja mapema. Asipoambiwa hilo ataitupa wiki ya pili. Mzee akiamka usiku kwenda msalani, ainuke polepole. Na akipata nafuu asiiache ghafla. Apunguziwe dozi na daktari.

Uliza kama anatumia tramadol, ile dawa kali ya maumivu. Ikichanganywa na dawa hizi za sonona inaweza kuleta mtetemo, homa, hata degedege, na watu wengi hawaihesabu tramadol kuwa dawa ya kutajwa.

Mteja akisema amechoka kuishi, usimfungie tembe za mwezi mzima, maana amitriptyline ikizidishwa ni hatari kwa moyo. Mkalishe, mwite mfamasia, mpigieni daktari aliyeandika. Foleni itangoja.