Fonimu na alofoni: unazitofautishaje?

Umeuliza tofauti ya fonimu na alofoni katika Kiingereza. Fonimu ni sauti inayotofautisha maana, na kipimo chake ni jozi mlinganuo finyu: maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, mahali palepale. Sauti ikibadilika na maana ikabadilika, hizo ni fonimu mbili, kama irabu za ship na sheep. Wanafunzi wetu huzitamka sawa kwa sababu Kiswahili kina irabu tano tu na zote mbili huangukia kwenye /i/. Kumwambia mwanafunzi "vuta zaidi" irabu ya sheep hakutoshi: kwa ship, ulimi pia hushuka kidogo na kulegea.

Alofoni ni matamshi tofauti ya fonimu ileile. Shika karatasi nyembamba mbele ya midomo: kwa pin hupeperuka, kwa spin hutulia. Mpumuo huo, yaani pumzi inayotoka pamoja na p, haubadilishi maana katika Kiingereza. Lakini katika Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, hubadilisha: paa la nyumba halina mpumuo, paa mnyama anao. Kwa hiyo taja lugha kwanza, ndipo useme ni fonimu au alofoni.

Fonimu huandikwa kati ya mishazari, /p/. Alofoni katika mabano mraba, [pʰ]. Na usihesabu herufi: ship ina herufi nne, fonimu tatu.