Re: Kazi ya msitu bila cheti, nianzie wapi?

Mdogo wangu, umesema uko Shinyalu, huna cheti, na unataka kulipwa huku ukijifunza kutunza miti. Anzia kitaluni. Vikundi vya miche karibu na msitu wa Kakamega hutafuta vibarua mvua ikikaribia. Malipo ni ya kutwa, madogo.

Shule yenyewe ni mzee mwenye panga. Mtafute anayevuna mti wa lusiola, ule Wajaluo huita siala, umbebee kamba. Tazama anavyokata kwa mshazari ili maji yasituame kisikini, kisha rudi machipukizi yakitoka uone anayobakiza: mawili au matatu manene, mengine anang'oa. Mimi nilibakiza yote, nikapata fito tu!

Kwenye msitu wa serikali, usikate kitu bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya. Na buti jinunulie.