Jino langu, Jumanne na Derek Parfit

Naandika hii shavu moja likiwa bado na ganzi, kwa hiyo mkiona sehemu nimeandika pumba mnisamehe tu. Nimetoka kwa daktari wa meno. Hilo jino lilianza mwaka juzi, mwanzoni lilikuwa linakataa maji ya baridi tu, ukinywa linakupiga shoti moja mpaka kwenye sikio halafu linanyamaza, nikasema ah ntaenda baada ya sikukuu. Sikukuu zikapita zikaja zingine. Likaanza kuuma usiku, nikazoea kutafunia upande wa kulia, nikawa natembea na vidonge vya maumivu kwenye mkoba kama mtu anavyotembea na funguo, na wiki iliyopita ndo likaamua lenyewe, nimeamka shavu limevimba hadi jicho halifunguki vizuri. Daktari kaangalia, kaguna. Kasema ningekuja mapema lingezibwa siku hiyohiyo narudi kazini, ila kwa hali ile hakuna cha kuziba, ni kung'oa.

Sasa pale kwenye kiti, mdomo wazi, taa inanipiga machoni, mtu niliyekuwa namfikiria ni Derek Parfit. Najua, hata mimi nilijishangaa.

Kwa asiyemjua, huyu ni mwanafalsafa Mwingereza, wa ile falsafa wanaiita ya uchanganuzi, wale watu wa kuchukua swali moja na kulifungua skrubu moja moja kama fundi saa. Alizaliwa 1942 Chengdu, China, wazazi wake walikuwa madaktari kule, akakulia Oxford, akasoma historia kwanza ndo baadaye akahamia falsafa, na maisha yake karibu yote ya kazi yalipita kwenye chuo kimoja pale Oxford kinaitwa All Souls. Kafariki Januari 2017. Kitabu kilichompa jina ni Reasons and Persons cha 1984, na mimi nilishindwa kukisoma mara mbili kwa sababu nilianzia ukurasa wa kwanza kama riwaya. Msifanye hivyo. Rukeni hadi sehemu ya tatu, pale anapoanza na mashine ya kukupeleka sayari ya Mars.

Iko hivi. Unaingia kwenye kibanda, unabonyeza kitufe, mashine inasoma kila seli ya mwili wako, inauharibu huo mwili, halafu taarifa zinarushwa Mars na kule unatengenezwa upya kwa malighafi mpya, na kovu lako na kumbukumbu zako zote. Aliyetoka kule ni wewe? Wengi tunasema ndio, si anakumbuka kila kitu. Haya, siku nyingine mashine imeboreshwa, inasoma bila kuharibu, unatoka kibandani upo palepale, na kule Mars yupo mwingine anakusalimia kwenye skrini, halafu unaambiwa mashine imeudhuru moyo wako, una siku chache tu. Utajifariji kwamba "mimi" nipo Mars salama? Mi nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kutembea kidogo.

Jibu la Parfit ni kwamba tunang'ang'ania swali lisilo na uzito tunaloliwekea. Hakuna kitu cha ziada ndani yako kinachoitwa "mimi" ambacho lazima kiwepo chote au kisiwepo kabisa. Kilichopo ni mwili, ubongo, na mnyororo wa kumbukumbu, nia, tabia, mapenzi, na hivyo ndo vyenye maana. Na mnyororo huo unalegea kadiri miaka inavyokwenda. Yaani wewe wa miaka thelathini ijayo, kwa kiasi fulani, ni kama mtu mwingine.

Hapo ndo anamleta kijana anayeanza kuvuta sigara, anajua kabisa zinaweza kuja kumtesa baada ya miaka hamsini na wala haimsumbui, maana yule mzee wa mbele kwake ni kama jirani asiyemfahamu. Na kabla hujasema basi kama ni mtu mwingine shauri yake, Parfit anakuwahi. Kama ni kama mtu mwingine, basi kumuumiza sio ujinga tena, ni kosa, kama ambavyo ni kosa kumuumiza mtu yeyote. Mi siku zote nilikuwa najiambia jino ni langu, maumivu ni yangu, namuudhi nani. Kumbe yupo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti leo, kashika mikono ya kiti kwa nguvu, analipia starehe ya mtu wa mwaka juzi.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu nimeujaribu kwenye mambo mengine kabla ya jino (kwenye jino nilichelewa, naona aibu): ukitaka kusema "ntafanya kesho", badilisha isome "atafanya yeye". Atadamka yeye, ataomba radhi yeye, atalipa yeye. Sikia inavyosikika. Ni kama unamtwisha mdogo wako mzigo akiwa amelala.

Kuna mfano wake mwingine naupenda zaidi, wa jamaa anayejali maumivu yake yote yajayo isipokuwa ya Jumanne. Ukimwambia achague kuumia kidogo Jumatatu au kuteswa vibaya Jumanne, anachukua Jumanne huku anatabasamu, japo anajua itamuuma yeye mwenyewe, na ikifika hiyo Jumanne atalia kama mtu yeyote. Unacheka eh. Mimi Jumanne yangu ilikuwa inaitwa baada ya sikukuu. Jiulize ya kwako inaitwaje.

Ila kilichonipata pale kwenye kiti ni mfano wa hospitali. Umeamka kitandani hukumbuki kitu, nesi hana uhakika, ama jana ulifanyiwa upasuaji wa masaa kumi yenye maumivu makali, ama leo baadaye utafanyiwa wa saa moja. Unaomba iwe ipi? Kila mtu anaomba ile ya masaa kumi, mradi imeshapita. Maumivu yakishapita tunayafuta kabisa kwenye hesabu. Nikagundua ndo nilivyojidanganya miaka miwili, usiku nalia, asubuhi jino limetulia na mimi nimeshalisamehe, napiga simu nahairisha miadi. Ukijumlisha zile usiku zote na hii nusu saa ya leo, mbona leo ni mchezo. Kwa hiyo amua usiku huohuo linapouma. Tuma ujumbe wa kuomba miadi saa tisa usiku, umechukia, na asubuhi usimsikilize yule mwenye amani.

Msije mkadhani Parfit mwenyewe alikuwa malaika wa kuwahi. Huyu alivaa nguo za aina moja kila siku ili asipoteze muda kuchagua, wanasema kahawa ya unga alikoroga kwa maji ya moto ya bombani asisubiri birika, na bado kitabu kilikuwa hakitoki, anarekebisha tu, anarekebisha. Mwaka 1981 chuo kikagoma kumpa nafasi ya kudumu mpaka awe na kitabu, wakampa muda, ndo tukapata hicho cha 1984. Kilichofuata, On What Matters, kilitoka 2011. Miaka 27! Nadhani bila wale wenzake wa chuoni kumkazia tusingepata hata hicho cha kwanza, kwa hiyo akili peke yake haitoshi, tafuta mtu wa kukukazia. Mimi nimempa dada yangu, na dada yangu hana huruma.

Mbele ya pengo kuna jino lingine lina kidoa cheusi kidogo, halijaanza kuuma. Nilivyokuwa natoka nikamwambia mdada wa mapokezi aniandikie tarehe ya karibu kabisa aliyonayo. Kafungua daftari, kapitisha kalamu, akasema Jumanne. Nikacheka peke yangu, na kwa ile ganzi udenda ukanidondokea kwenye shati.