Kukanyaga Huku Kazi Inaendelea: Maswali Yenu Kuhusu Baiskeli ya Meza

Tangu watu wengi wahamishie ofisi sebuleni, maswali kuhusu kukaa kutwa hayakauki. Safari hii nimekusanya yanayohusu baiskeli ya meza, yaani baiskeli ya mazoezi yenye ubao wa kuwekea kompyuta, pamoja na zile pedali ndogo zinazowekwa chini ya meza ya kawaida.

Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani Tabata. Kila asubuhi natembea nusu saa, halafu nakaa mpaka jioni. Bado ninaihitaji baiskeli hii?

Hiyo nusu saa ya asubuhi usiiache hata kidogo. Kwa siku 5 inakupa dakika 150, na hapo umefikia kiwango cha chini kilichotajwa na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila mwongozo huohuo una agizo la pili ambalo watu hulipita haraka: punguza muda wa kukaa, na badala yake weka mwendo wowote, hata mwepesi. Wewe umetimiza la kwanza, la pili bado.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa karibu zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli, vidato 500 hadi 750 kwa siku. Basi lilikuwa moja, barabara moja, moshi uleule, lakini makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakufa upesi kama madereva. Baadaye Morris mwenyewe alionyesha kwamba madereva walikuwa wanene zaidi kiunoni tangu walipoajiriwa, hivyo si tofauti yote iliyoletwa na usukani. Hata hivyo kazi yake ndiyo iliyofungua macho ya madaktari, na tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea kulekule.

Mwaka 2016 jarida hilohilo lilichapisha uchambuzi uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni moja. Ilionekana kwamba anayekaa zaidi ya saa 8 kwa siku anahitaji kati ya dakika 60 na 75 za mazoezi ya wastani kila siku ili hatari ya kufa mapema inayohusishwa na kukaa kwake ifutike. Je, mhasibu anayefunga hesabu za mwezi ataipata wapi saa nzima ya ziada? Hapo ndipo baiskeli ya meza inapofaa, kwa sababu haikutaki uache kazi. Misuli ya paja na kigimbi ni miongoni mwa mikubwa mwilini. Ikijikunja na kujikunjua, inasukuma damu ya miguuni irudi juu na inavuta sukari kutoka kwenye damu. Ukikaa kimya saa tatu, kazi hizo zote mbili zinadorora.

Kama unaweza kuinuka kila baada ya nusu saa na kuzunguka nyumba, hifadhi fedha zako. Kama unajijua kwamba ukishazama kwenye hesabu huinuki mpaka adhana ya alasiri, basi nunua.

Naandika programu za kompyuta, niko Nairobi. Nikikanyaga vidole vinapotea kwenye kibodi. Wengine wanawezaje?

Unakanyaga kwa nguvu mno. Baiskeli ya meza ina mwendo wake, na mwendo huo ni wa pole: mizunguko kama 50 hadi 60 kwa dakika, ugumu ukiwa chini kabisa au hatua moja juu yake. Kiwiliwili kisitikisike. Ukiona mabega yanayumba, punguza.

Pili, gawa kazi zako. Kusoma, kusikiliza mkutano, kupitia barua pepe na kujibu ujumbe mfupi, hizo zinakwenda na pedali bila shida. Kazi ya kipanya inayotaka kulenga kitu kidogo kwenye skrini huharibika kwanza, na kuandika sana hufuata. Ukifika kwenye kipande cha programu kinachokuumiza kichwa, simamisha miguu, kimalize, kisha endelea. Baiskeli haidai ukanyage saa nane mfululizo. Mimi hushauri vipindi vya dakika 15 hadi 20, vinne au vitano kwa siku, na wiki ya kwanza viwe viwili tu.

Kwenye mkutano wa Zoom, ikifika zamu yako ya kusema, acha kukanyaga kabla hujawasha kipaza sauti. Pumzi zinasikika kuliko unavyodhani.

Niko Mombasa. Joto letu unalijua, na umeme nao unakatika. Baiskeli hizi si zitakuwa mapambo tu?

Umeme usikutie hofu, ilimradi uchague vizuri. Baiskeli nyingi za nyumbani zinatumia sumaku: gurudumu zito la chuma linazunguka karibu na sumaku bila kuigusa, na kadiri sumaku inavyosogezwa karibu ndivyo kukanyaga kunavyokuwa kugumu. Hapo hakuna kinachotaka umeme isipokuwa kile kioo kidogo cha kuonyesha mwendo, nacho mara nyingi hutumia betri ndogo. Epuka zile ambazo ugumu wake unabadilishwa kwa mota, maana hizo ndizo zinazotaka plagi. Kwa kuwa sumaku haisuguani na kitu, mashine hiyo pia ni kimya kuliko ile ya breki ya kitambaa, ambayo huanza kulia ikichakaa. Wanaokaa kwenye fleti waweke na mkeka wa mpira chini yake.

Joto ndilo la kushughulikia. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki haraka, na mwili unachelewa kupoa. Weka feni ikupulize kifuani, vipindi vizito vipange alfajiri au usiku, na mchana kanyaga kwa kiasi ambacho hakikutoi jasho la kuloa. Maji yawe karibu. Na kompyuta usiilaze juu ya taulo, itakosa pa kupumulia.

Nina miaka 58, niko Arusha, nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka. Goti la kulia linauma nikipanda ngazi. Binti yangu anataka kuninunulia baiskeli hii. Haitanimaliza?

Shikamoo mama. Mwambie binti yako anunue, lakini akuwekee kiti sawasawa, kwa sababu katika baiskeli goti huponea au huumia kwa urefu wa kiti.

Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha rudisha unyayo mahali pake, sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae katikati ya pedali, na goti litabaki limekunjwa kidogo. Hicho ndicho kipimo chako. Kiti kikiwa chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko na maumivu huja mbele, kwenye kifuu. Kikiwa juu mno, unajinyoosha kuifuata pedali, nyonga zinayumba kushoto na kulia, na maumivu huja nyuma ya goti. Watu wengi wakiona baiskeli mpya hushusha kiti ili miguu ifike sakafuni, wakidhani hivyo ndivyo salama.

Uzuri wa baiskeli kwa goti lililoanza kusagika ni kwamba uzito wa mwili unabebwa na kiti, huku kiungo kikiendelea kujikunja na kunyooka na misuli ya paja ikipata nguvu ya kulishikilia. Anza na dakika 5 bila ugumu wowote. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi na maumivu yakaisha siku hiyohiyo, endelea. Likivimba, likipata joto, au maumivu yakikuamkia kesho yake, punguza nusu. Likikwama au likiachia ghafla unapotembea, mwone daktari kabla ya kuendelea.

Mezani nako, viwiko vikunjike kama pembe ya mraba na ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Kompyuta mpakato peke yake haiwezi kutimiza yote mawili: iinue juu ya vitabu, kisha tumia kibodi ya pembeni. La sivyo goti litapona na shingo itaanza kulalamika.

Nina kisukari, niko Dodoma. Nikanyage saa ngapi?

Baada ya kula. Huo ndio wakati sukari inapanda, na misuli inayofanya kazi huivuta kutoka kwenye damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa dhaifu. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwapima watu wazima wenye uzito mkubwa waliokunywa kinywaji cha majaribio chenye sukari na mafuta. Waliotembea polepole dakika 2 tu kila baada ya dakika 20 za kukaa, kupanda kwa sukari yao kulipungua kwa takriban robo kuliko siku waliyokaa mfululizo. Kwa hiyo dakika 15 za pedali baada ya ugali wa mchana zina maana kubwa kwako.

Ila nisikilize hapa. Kama unachoma insulini au unameza dawa kama glibenclamide, mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Pima kabla ya kuanza. Ukiona unatetemeka, jasho la baridi linakutoka, moyo unakwenda mbio au mawazo yanachanganyika, shuka mara moja, kunywa maji yenye vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari, na upime tena baada ya dakika 15. Usikanyage peku, vaa viatu vilivyofunika vidole, na jioni kagua nyayo zako. Kidonda ambacho mguu wenye ganzi haukukisikia ndicho kinachowapeleka wengi hospitali.

Nikikaa kwenye baiskeli dakika arobaini napata ganzi sehemu za siri. Naona haya kumuuliza mtu.

Hakuna haya, kaka. Kiti chembamba kinabana mishipa ya fahamu na ya damu inayopita chini ya nyonga. Ganzi hiyo ni onyo, usiizoee. Badilisha kiti, chukua kipana chenye uwazi katikati, kilaze sawasawa bila pua yake kuinuka, na simama kila baada ya dakika 15. Ikiendelea hata baada ya kuacha baiskeli kwa siku chache, nenda kwa daktari.

Nikikanyaga kila siku nitapungua kilo ngapi?

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 anayekanyaga polepole hutumia kalori kama 245 kwa saa. Angekaa tu na kuandika angetumia kama 100. Faida ya saa nzima ni kalori 145 hivi, na chapati moja ya mafuta inazidi hapo. Ukitegemea pedali peke yake kupunguza uzito, utakata tamaa mwezi wa pili na mashine itageuka ya kuanikia nguo, na hilo litaniuma kwa sababu faida zake kwa moyo, sukari na mgongo utakuwa umezitupa pia. Uzito ushughulikie mezani kwenye sahani. Na mara mbili kwa wiki ufanye mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa, kujisukuma ukiwa umeegemea ukuta, kubeba ndoo. Baiskeli haibebeshi mifupa uzito, kwa hiyo kutembea na kupanda ngazi kubaki palepale.

Ramadhani je? Niko Zanzibar.

Mchana fanya mwendo mwepesi wa dakika 10 kwa vipindi, usiotoa jasho. Zoezi lenyewe liweke saa moja au mbili baada ya futari, ukishakunywa maji ya kutosha. Kizunguzungu kikija, acha.

Sina fedha ya baiskeli ya meza. Nakaa chumba kimoja Mwanza, napokea simu za wateja kutwa.

Kazi ya simu ndiyo inayokupa nafasi kuliko wote walioandika hapa. Vaa spika za masikioni na upokee simu umesimama au ukitembea. Ukitaka pedali, zile ndogo za chini ya meza zinauzwa kwa bei ya chini zaidi, lakini zina matatizo mawili ambayo muuzaji hakuambii. Goti hugonga ubao wa meza, hivyo pima nafasi ukiwa umeinua paja kabla ya kununua. Na kiti chenye magurudumu hurudi nyuma kila unapokanyaga: tumia kiti cha miguu minne, kisukume mpaka ukutani.

Nina mtoto wa miaka miwili anayependa kugusa kila kitu. Baiskeli ni salama?

Chagua ambayo gurudumu na mnyororo vimefunikwa kabisa, kwa sababu gurudumu zito huendelea kuzunguka hata ukiacha kukanyaga na linaweza kukata kidole. Mtoto asiwe chumbani unapokanyaga ukiwa umevaa spika za masikioni. Ukishuka, kaza kitufe cha ugumu mpaka mwisho ili pedali zisizunguke kirahisi, na uigeuze baiskeli upande wa gurudumu uelekee ukutani.